Saa ya Taa za Mihogo

Saa ya taa ilipoanza kunuka, mume wangu alisema ni vumbi.

"Kitu kipya lazima kinuke," akasema. "Hata viatu vipya vinanukaga."

Sikubishana naye. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa mbao, upande wa sebuleni, nikakiacha hapo. Ukuta ulikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha mihogo, na ukivuka chumba cha mihogo, nyuma ya ukuta mwingine wa mbao, kulikuwa na kitanda cha baba mkwe wangu, Mzee Wanzagi. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa tangu kiharusi kimpige. Hakuweza kusimama. Kujigeuza tu, mpaka ashike kamba ambayo mume wangu Mwikwabe alimfungia juu ya kitanda. Na mimi, mke wa mwanawe, nilikuwa siruhusiwi kuingia chumbani kwake wala kumgusa.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mke wa mtoto haoni kitanda cha baba mkwe. Hagusi shuka lake, hampi mkono hata wa salamu. Mwikwabe ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumvalisha. Mimi nilipeleka chakula kwa mlango wake wa uani, nikakohoa, nikasukuma sinia chini ya pazia, nikasogea pembeni. Maongezi tulikuwa nayo mengi, ila ya kupitia pazia. Alikuwa mtu wa utani. Sauti yake niliijua kuliko sura yake.

Kwa hiyo kila nilipoushika ule ukuta, nilichokuwa nawaza ni kimoja. Huu ukiwaka, na Mwikwabe hayupo, nani atamtoa?

Habari ya mihogo ilianza Mwikwabe alipopunguzwa kazi kwenye jineri ya pamba hapa Bunda. Mwaka huohuo wadudu weupe kama unga walikuwa wameimaliza mihogo ya watu wa ziwani, kuanzia Kibara kuja huku. Bwana shamba mmoja akaja akafanya semina, akasema mbegu safi ioteshwe mahali palipofungwa, wadudu wasiifikie. Wenzake walielewa uzio wa wavu. Mwikwabe akaelewa chumba. Tulikuwa na chumba cha katikati kisicho na dirisha. Akajaza humo mifuko ya udongo, akachomeka vipande vya miti ya mihogo, akafunga mlango kwa kufuli. Vikaota vyeupe, virefu, vyembamba kama minyoo. Ndipo akaenda Buhemba, kwenye mgodi wa zamani, akarudi na taa.

Zilikuwa taa za kumulikia mgodi. Kila moja kubwa kama sufuria ya shughuli, na kila moja na choki yake, dude la chuma lililojazwa waya na lami, zito kama jiwe la kusagia. Taa ikiwashwa, choki inanguruma. Mzee Wanzagi aliposikia ule mngurumo mara ya kwanza alicheka huko nyuma ya mbao.

"Nilifanya kazi chini ya hizo nikiwa kijana," akasema. "Nikazikimbia. Sasa zimenifuata mpaka kitandani."

Mihogo ikabadilika, ikawa ya kijani, ikanenepa. Lakini taa hizo huwezi kuziacha tu. Mchana bati letu lenyewe linachoma. Ukiongeza taa, unapika. Ilibidi ziwake jioni jua likizama, zizime alfajiri, mmea nao upate kupumzika na choki zipoe. Mwikwabe alichoka kuamka kuzizima, akanunua saa ya taa.

Wakati ule vitu vilikuwa vimeanza kujaa madukani. Zamani kidogo tulipanga foleni ya sabuni. Sasa kila kitu kipo, ila hujui kipi ni kitu na kipi ni sura ya kitu. Ile saa ilikuwa ya plastiki nyeupe, ina duara la namba kuanzia moja mpaka ishirini na nne, na vijino vya kubonyeza pembeni. Unaichomeka kwenye soketi, taa unazichomeka kwake. Muuzaji pale sokoni Bunda alimwambia inabeba hata pasi. Mwikwabe aliianzisha mwenyewe, asubuhi saa mbili akalisimamisha duara kwenye mbili, akabonyeza vijino vya kumi na mbili ya jioni kuendelea. Ikafanya kazi. Alijisifu wiki nzima.

Kisha ndiyo ikaanza kunuka. Kisha ikawa na doa la kahawia, kama jino la mvuta tumbaku. Umeme nao ulikuwa wa mgao. Ukikatika, saa inasimama, ukirudi inaendelea ilipoachia, kwa hiyo usiku wake haukuwa tena usiku wetu. Mwikwabe alikuwa akiisahihisha kila alipokumbuka.

Asubuhi moja alipofungua kufuli, jua limeshapanda, taa zote zilikuwa zinawaka. Nilichungulia kutoka nyuma yake. Duara lilikuwa limeshapita mahali pa kuzima.

"Imezima," akasema.

"Imezima nini na taa zinawaka?"

"Nakwambia imezima. Sikia, imelia."

Akashika kuichomoa. Haikuchomoka. Plastiki ilivutika mkononi mwake kama ugali laini, akapiga kelele, akarusha mkono. Vidole viwili vilibaki bila ngozi. Nikakimbilia meni swichi, ambayo ilikuwa humohumo ndani, nikaishusha. Mngurumo ukakatika.

Kutoka nyuma ya mbao Mzee akaita, "Mwikwabe! Huu upande wa ukutani umeshaiva. Njoo unigeuze."

Mwikwabe akacheka huku anapuliza vidole. Mimi nilishindwa kucheka.

Jioni ile nilimwambia amhamishie Mzee sebuleni.

"Sebuleni? Wewe utapitia wapi?"

"Nitapitia dirishani."

"Nyangi, acha. Watu watasema nimemlaza baba njiani mwa mke wangu."

"Basi taa zisiwashwe."

"Watu wa Kibara wanasubiri mbegu. Na wewe unakula nini?"

Nikamwambia kama ni saa, basi tukanunue saa ya kweli, na hatuinunui sokoni, tunaenda kwa fundi. Na mimi naenda. Akakubali kwa sababu vidole vyake havikuweza kubeba kitu.

Musoma tulimkuta fundi Shomari kwenye kibanda chake, amezungukwa na redio zilizopasuliwa. Ni mtu mnene, mpole, kofia yake ya kushona imekaa nyuma kabisa ya kichwa. Mwikwabe alimpa ile saa iliyoyeyuka. Shomari akainusa kwanza.

"Hii ilikuwa inabeba nini?"

"Taa tatu. Za mgodi."

"Zenye choki?"

"Ndiyo."

"Mdogo wangu, umemtwika mbuzi gunia la saruji." Akaifungua kwa bisibisi, akanionyesha mimi, kwa sababu Mwikwabe alikuwa anatazama barabarani. Ndani kulikuwa na ulimi wa shaba mwembamba kama kucha. "Shemeji, unaona? Huu ndio unaogusa na kuachia. Balbu ya kawaida haina shida. Lakini choki ikiamka inavuta umeme kwa hasira, na ikizimwa inarusha cheche. Kila siku kidogo kidogo, mwisho ulimi unagandana. Saa inatembea, inalia, inafikiri imezima. Kumbe imeshikana."

"Pembeni imeandikwa inabeba ampea kumi na sita," Mwikwabe akasema.

"Hata mimi naweza kuandika kwenye kofia yangu kuwa ni sheikh."

Nikauliza, "Sasa ipi haigandi?"

"Zote zinaganda ukizibebesha. Ndiyo maana saa usiibebeshe. Saa iwe ya kutoa amri tu. Mzigo abebe mwingine." Akatoa chini ya meza kidude kizito cheusi, akakigonga. "Huyu anaitwa kontakta. Huyu ndiye mpagazi. Saa inamwambia beba, anabeba. Inamwambia tua, anatua. Na saa yenyewe isiwe ya plastiki. Iwe ya chuma, na iwe na springi ndani, ili umeme ukikatika iendelee kutembea. Mgao huu, saa isiyo na springi ni kipofu."

Saa ya namna hiyo hakuwa nayo kibandani. Alifunga, tukaenda naye kwake Makoko, akaitoa chini ya kitanda ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge. Ilikuwa ya kijivu, ya chuma kitupu, na mlango wa kioo. Ilikuwa ikiwasha taa za uwanja wa kiwanda kimoja kilichofungwa. Shomari akaijaza ufunguo, akaisogeza sikioni kwangu. Ilikuwa inakwenda taratibu, sauti nzito, kama mtu mzima anayetafuna karanga. Kwa mara ya kwanza tangu mihogo iingie nyumbani kwetu, nilipumua.

"Choki umezifunga wapi?" Shomari akauliza.

"Ukutani," Mwikwabe akajibu.

"Ukuta wa mbao," nikasema mimi. "Juu kabisa, karibu na silingi bodi. Na nyuma yake analala mgonjwa."

Mwikwabe aliniangalia vibaya. Shomari hakumwangalia yeyote.

"Zihamishie kwenye tofali," akasema. "Usicheze na hilo. Choki ni jiko."

"Nitazihamisha nikitoka Kibara."

"Zihamishe kabla. Zitawaka saa ngapi?"

"Kumi na mbili mpaka kumi na mbili. Jioni mpaka asubuhi."

"Vizuri, usiku kuna ubaridi, zitapoapoa." Akatazama saa yake ya mkononi, ilikuwa saa tisa alasiri. Akalizungusha duara la ile ya chuma kidogo, akafunga kioo. "Nimeshaisimamisha, inatembea. Usiiguse. Wewe ukafunge pini zako tu, ya kuwasha na ya kuzima."

"Najua. Si nilikuwa nayo nyingine?"

Mke wa Shomari akatuletea chai, maneno yakaingia kwenye habari za bei ya mafuta ya taa, tukaondoka.

Asubuhi yake Mwikwabe aliifunga ile saa ndani ya chumba cha mihogo, kwenye ukuta wa tofali wa upande wa uani, na kontakta chini yake, kama alivyoelekezwa. Pini akazikaza kwenye kumi na mbili na kwenye ishirini na nne. Akabonyeza kontakta kwa mkono: taa zikawaka. Akaachia: zikazima, papo hapo, kwa mlio mmoja safi. Aliniita niangalie.

"Umeridhika, mama mwoga?"

"Choki bado ziko kwenye mbao."

"Nyangi."

"Nasema tu."

"Jioni nitakuwa nimerudi kabla hazijawaka. Kesho nazihamisha. Haya."

Akamwogesha baba yake, akafunga chumba cha mihogo kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni maana wezi wa mbegu walikuwa wameanza, akapanda lori la Kibara.

Nilianika makopa ya mihogo uani. Mzee alikuwa macho nyuma ya pazia.

"Mama," akaniita. Ndivyo alivyokuwa akiniita. "Leo mume wako kafunga saa ya wakubwa."

"Ndiyo, baba. Ya chuma."

"Naisikia hata huku. Inatafuna."

"Inakutisha?"

"Mimi? Kinitishe nini, nusu yangu imeshatangulia."

"Usiseme hivyo, baba."

Alicheka. Akasema joto limezidi, amevua shati, nisije nikamletea uji mpaka ajifunike. Nikasema sawa.

Jua lilipofika utosini, kontakta ikalia.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha mngurumo ukaanza, mmoja, wa pili, wa tatu, ikawa sauti moja kama nyuki ndani ya mtungi. Nikaacha makopa. Niliingia sebuleni mbio, nikaona mwanga mweupe umelala chini ya mlango wa chumba cha mihogo, mkali kama kisu. Mchana kweupe. Nikashika kufuli, nikalitikisa kama mjinga, kama vile litanihurumia. Meni swichi ilikuwa ndani.

Nikarudi uani, nikazunguka, hakuna pa kupenya. Mwikwabe alikuwa ameipitishia saa waya kwenye tundu la ukuta, kila kitu kilikuwa upande ule wa ndani. Nikapiga kelele, "Siwema! Siwema weee!" Siwema ni jirani, ana genge la vitenge, na mumewe ana ngazi. Akaitikia toka mbali.

"Umeme! Taa zimewaka, siwezi kuzima! Ita wanaume!"

"Wako sokoni!"

"Waite!"

Nikasikia ndala zake zikikimbia.

Nilichukua jembe nikaanza kupiga kufuli. Nilipiga, nikapiga, mlango ukatoa vumbi, kufuli likacheka tu. Harufu ikaja. Haikuwa ile ya plastiki. Hii ilikuwa ya barabara mpya, ya lami iliyoyeyushwa na jua kali. Lami ya choki ilikuwa imeanza kudondoka.

Ndipo Mzee akaita. Hakupaza sauti.

"Mama. Huku ukutani kuna doa linatembea."

Mbao za chumbani kwake zilikuwa zimebandikwa karatasi za mifuko ya saruji. Nilikimbia mpaka kwenye pazia lake, nikasimama. Sikulishika.

"Doa gani, baba?"

"La kahawia. Lilikuwa kama sahani. Sasa kama ungo."

"Baba, lazima utoke."

"Nitoke na nini?"

"Siwema ameenda kuita wanaume."

"Wana miguu mizuri hao wanaume?" Akakohoa. Moshi mwembamba ulikuwa unapita juu ya pazia, unanyooka, unapotelea kwenye mwanga. "Inachuruzika huku. Nyeusi."

Niliinua mguu.

"Usiingie!" akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Sina nguo, mama. Usiingie. Bora niungue kuliko unione."

Nilibaki na mguu juu ya kizingiti. Naandika haya na bado nausikia mguu ule. Nyumbani kwetu Butiama, mama yangu aliniambia mambo mengi siku ninaolewa, nikayasahau mengi, ila hili alilirudia mpaka nikakasirika: mlango wa baba mkwe usiuvuke. Sikuwa naogopa watu peke yao. Nilikuwa naogopa kitu ambacho hakina jina, kinachokuja kwenye tumbo la mwanamke aliyevuka. Na upande wa pili naogopa moto. Nilikuwa katikati ya hofu mbili kama mtu aliyeshikwa mikono na watu wawili, kila mmoja anavutia kwake.

Ndani kitu kikapasuka, pa! Mzee akatoa sauti, si neno, sauti tu.

Nikavua kanga ya mabegani. Nikaikunja, nikaitupa ndani chini ya pazia, kule nilikojua kitanda kiko.

"Baba, jifunike na hiyo. Nafumba macho. Nahesabu mpaka tano."

Sikuhesabu. Nilikuwa nasikiliza. Nikamsikia anahangaika na mkono mmoja, kitanda kinalia, anapumua kwa taabu. Moshi ukawa mwingi. Kisha kukawa kimya, na kwenye kile kimya nikadhani amekufa.

Halafu mkono ukatoka chini ya pazia. Mkono wa kushoto, wa mzee, mishipa imesimama, kwenye kidole pete ya shaba. Sikuwahi kuuona mkono ule karibu hivyo. Alikuwa ameanguka kutoka kitandani, yuko sakafuni.

"Nishike," akasema.

Nikaushika. Ulikuwa na jasho na uzito. Nikavuta, pazia likaanguka juu yetu wote, nikavuta tena, nikaingiza mkono wa pili kwapani mwake, macho nimeyaelekeza kwenye bati, na kwenye bati nikaona moto wa kweli, mdogo, mwekundu, unalamba ukingo wa silingi bodi kama mbwa anayelamba sahani. Sijui nilitoa wapi nguvu. Kizingiti kilimkwaruza mgongo, akaguna. Nikamburuta mpaka juu ya makopa yangu, mpaka kwenye ua wa Siwema, nikaanguka naye pale. Kanga yangu ilikuwa imemfunika kutoka kifuani mpaka magotini. Hata sikuhitaji kufumba macho.

Wanaume walifika. Mmoja alizinyofoa waya za nguzoni kwa mti mkavu, mngurumo ukafa. Wengine wakarusha mchanga na maji. Chumba cha mihogo kiliungua, na chumba cha Mzee, na bati la juu yao. Sebule ilibaki. Kitanda cha Mzee tulikikuta chuma chake tu.

Mwikwabe alirudi jioni. Alimkuta baba yake amelala sebuleni kwenye mkeka, na mimi nje nimekaa ukutani. Alimgusa baba yake kichwani, miguuni, akatoka akasimama mbele yangu. Kisha akasema, "Nitamuua Shomari."

Asubuhi akaenda Musoma na gari la kwanza, na kabla jua halijawa kali akarudi naye. Nadhani njia nzima alikuwa anamtukana, kwa sababu Shomari alishuka kimya, kofia mkononi. Alinisalimia, akamsalimia Mzee, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa tofali. Saa ya chuma ilikuwa pale, imepakwa masizi. Akafuta kioo kwa kiganja. Ilikuwa bado inatafuna.

"Sasa hivi saa ngapi?" akauliza.

"Unaniuliza mimi saa?" Mwikwabe akafoka. "Saa nne!"

"Njoo uone yenyewe inasemaje."

Mwikwabe akainama. "Kumi."

"Saa nne ya asubuhi kwa Mzungu ni kumi. Mimi niliisimamisha kwa saa za kiwandani, ndivyo nilivyofundishwa. Saa yako ya plastiki uliisimamisha mwenyewe kwa saa zetu, na pini ukaweka kwa saa zetu, zikaelewana. Hii, saa niliisimamisha mimi, pini ukaweka wewe. Kumi na mbili ya kwako ni jioni. Kumi na mbili ya kwake ni saa sita mchana."

Mwikwabe aliigusa ile pini kwa kidole chenye kidonda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema unajua. Na mimi," Shomari akakalia ndoo iliyopinduliwa, "na mimi nilikuwa nakunywa chai. Saa haina kosa. Imefanya tulichoiambia."

Niliona kuwa Shomari naye alikuwa ameogopa njia nzima, hakujua atamkuta mzee yuko hai au la. Mwikwabe kwa hasira hakuwa amemwambia.

Mchana akaja baba mdogo Silasi, mdogo wake Mzee, kutoka Butiama. Habari ilikuwa imemfikia, lakini haikuwa habari ya moto. Alikaa kwenye kigoda sebuleni, fimbo katikati ya magoti, mimi nikiwa mlangoni.

"Nimesikia mke wa mtoto ameingia," akasema. "Nimesikia ameshika. Hata iwe nini, mambo haya yana utaratibu wake. Arudi kwao kwanza, wazee wakae."

Mwikwabe akatazama chini. Nilimsubiri aseme neno. Nikajua kile kisicho na jina kimefika, na kimekuja na fimbo.

Mzee Wanzagi alijisogeza kwenye mkeka kwa mkono wake mmoja.

"Silasi. Aliyekwambia alikuwepo?"

"Watu wanasema."

"Basi mimi nilikuwepo. Hakuingia. Mimi ndiye niliyetoa mkono nje. Mimi ndiye niliyemshika." Akapumzika kidogo. "Kama kuna mtu wa kurudishwa kwao, nirudishe mimi. Ila waliotuzaa wote wameshakufa, utanipeleka makaburini."

"Kaka, usifanye mzaha."

"Nafanya mzaha kwa sababu nipo."

Silasi hakuondoka. Alikaa mpaka jua likashuka, anachora chini kwa fimbo, na mimi nikaleta uji, nikauweka karibu na mkeka, nikiwa sijui nisogee wapi, maana pazia halikuwepo tena.

Mtaa mzima ulikuwa hauna umeme tangu asubuhi. Nilikuwa nimeinama na kata ya uji mkononi wakati uliporudi. Watoto wakapiga kelele nyumba hadi nyumba, "Huoooo! Umerudi!" na friji ya Siwema upande wa pili wa ua ikanguruma.

Kata ikaniponyoka. Nilipopata akili nilikuwa nimepiga magoti juu ya mkeka, nimemkamata Mzee mkono kwa mikono yangu yote miwili, nimeshaanza kumvuta. Uji ulikuwa umemwagika mpaka kwenye viatu vya Silasi.

Mwikwabe alisimama. Silasi alinitazama, akatazama mikono yangu, akafungua mdomo.

"Ni friji ya Siwema, mama," Mzee akasema. Mkono wake hakuuondoa. "Ni friji tu. Haiwaki."

Nilijaribu kuvilegeza vidole vyangu. Vilikataa. Silasi akainama polepole, akachukua kata sakafuni, akaifuta kwenye shati lake, akaiweka ndani ya bakuli. Kisha akakiinua kigoda chake, akakigeuza, akakaa ametupa sisi mgongo, asione.

Nilibaki nimemshika Mzee mkono mpaka friji iliponyamaza.